Kumalizia Ukuta: Chokaa, Saruji na Jasi katika Nyumba za Kilwa

Msafiri anayevuka maji kutoka Kilwa Masoko kwenda Kisiwani huliona Gereza kabla mashua yake haijafika ufukoni. Akipanda hadi Msikiti Mkuu na kuinua macho chini ya kuba zake, ataona mahali ambapo chokaa ya kumalizia ingali imeshikamana na jiwe. Sehemu ya kale ya msikiti huo ni ya karne ya 11 au ya 12, na upanuzi wake mkubwa ulifanywa mwanzoni mwa karne ya 14, katika enzi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Akiondoka hapo na kupita katikati ya makazi ya leo, huenda akakuta nyumba iliyopigwa lipu ya saruji miaka michache tu iliyopita. Lipu hiyo imevimba usawa wa goti, imepasuka, nayo inadondoka vipande vipande kama magamba ya samaki. Mwenye nyumba ameirudia mara mbili, na kila mara ameongeza saruji akidhani kwamba ya awali ilikuwa dhaifu.

Somo hili linahusu lipu hiyo. Kumalizia ukuta ni kazi ambayo mwenye nyumba huifikia fedha zikiwa zimekwisha, na kwa sababu hiyo hufanywa kwa haraka kuliko kazi nyingine zote. Ndiyo pia kazi inayoonekana kila siku, na inapokosewa humlazimu mkazi kulipa tena na tena kwa ukuta uleule.

Haifai kuwasifu wahenga kupita kiasi. Kuta zao mbovu zilikwisha kuanguka zamani, na tunazoziona leo ni zile zilizosalia. Hata ule upanuzi wa Msikiti Mkuu paa lake liliporomoka, likajengwa upya katika karne ya 15. Tena, mji wa mawe ulikuwa wa wachache: Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliandika kwamba nyumba za mji zilikuwa za miti. Hata hivyo, mafundi wa mwambao waliijua vyema kanuni moja ambayo mafundi wengi wa leo huisahau, nayo ni kwamba tabaka la nje halipaswi kuwa gumu kuliko kitu kilichoko nyuma yake.

Maji na chumvi

Ukuta wa mwambao hunywa maji. Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi vidogo, udongo wa kukandikia una vitundu, na hata tofali la saruji linavyo. Unyevu wa ardhini hupanda ndani ya vitundu hivyo kama mafuta yanavyopanda katika utambi wa taa. Kisiwani na pwani yote ya Kilwa unyevu huo hubeba chumvi, na upepo wa bahari huongeza chumvi nyingine kwa nje. Jua likipiga, maji hutoka ukutani yakawa mvuke, lakini chumvi haiwezi kuwa mvuke. Hubaki na kuganda kuwa chembe ngumu, na chembe hizo zikikua ndani ya vitundu husukuma kila kilicho mbele yake.

Ukuta uliosiribwa kwa chokaa huyaachia maji yakapita. Chumvi hutokeza juu kama unga mweupe, unga huo hufagiliwa, na baada ya miaka kadhaa tabaka la juu likichoka hupakwa jingine. Chokaa hujitoa ili jiwe lisalimike. Lipu nzito ya saruji hufanya kinyume chake. Haipitishi mvuke kwa urahisi, kwa hiyo maji hupanda juu zaidi yakitafuta pa kutokea, na chumvi hugandia nyuma ya lipu, pale inapokutana na jiwe au udongo. Lipu inapobanduka huondoka na ngozi ya ukuta. Anayeongeza saruji katika marudio ya pili huzidisha ugonjwa aliotaka kuuponya.

Kwa hiyo, kabla ya kuita fundi, mwenye nyumba ajiulize ukuta wake ni wa nini. Ukuta wa mawe na chokaa hutaka chokaa. Ukuta wa miti na udongo hutaka udongo, na juu yake rojo jepesi la chokaa. Ukuta wa matofali ya saruji ndio unaostahili lipu ya saruji. Bodi za jipsamu zina mahali pake pia, na mahali hapo ni ndani, pakavu, juu ya sakafu.

Chokaa: kazi ya subira

Chokaa ya zamani ilitokana na matumbawe yaliyopangwa juu ya lundo la magogo na kuchomwa. Moto unaofikia nyuzi 900 hivi za Selsiasi huifukuza hewa ya ukaa iliyomo ndani ya jiwe, na kilo 100 za jiwe safi hubaki kilo 56 za chokaa kali. Chokaa hiyo ikimwagiwa maji huchemka na kutoa joto kubwa, kisha hupoa ikawa tope laini jeupe. Mafundi huita kazi hiyo kuzima chokaa. Ikishapakwa ukutani hunyonya hewa ya ukaa kutoka angani, na kidogo kidogo hurudi kuwa jiwe. Kwa maneno mengine, ukuta wa chokaa haukauki tu kama nguo kambani. Unageuka, na mgeuko huo huchukua miezi.

Leo haifai kufuata njia hiyo tangu mwanzo wake. Matumbawe hai ni mazalia ya samaki, na kuyavunja hakuruhusiwi. Mikoko nayo imo katika hifadhi ya misitu, na haikatwi bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Mkazi anaweza kununua chokaa ya mfuko, ile ya viwandani, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikitengenezwa Tanga kutokana na mawe ya chokaa ya nchi kavu. Mfuko uwe mkavu na usiwe umekaa wazi dukani, kwa maana chokaa iliyokwisha kunyonya hewa imekwisha kugeuka jiwe kabla ya kufika ukutani, na haishiki tena. Chokaa ya mfuko imwagwe katika pipa lenye maji, ikorogwe, iachwe chini ya maji kwa siku moja au zaidi. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika, na wiki kadhaa ni bora kuliko siku.

Mchanga ndio unaoharibu kazi nyingi za Kilwa. Mchanga wa ufukoni ni rahisi kuupata na ni mweupe wa kupendeza, lakini una chumvi, na anayeupiga ukutani amejiletea mwenyewe adui aliyekuwa akimkimbia. Utafutwe mchanga wa mtoni au wa machimbo ya bara, wenye chembe kali za ukubwa tofauti, na uoshwe kwa maji baridi. Upo mtihani rahisi: jaza chupa angavu nusu kwa mchanga, ongeza maji, tikisa, kisha iache itulie kwa saa kadhaa. Tope laini likitanda juu ya mchanga kwa unene unaoonekana waziwazi, mchanga huo unahitaji kuoshwa tena.

Kipimo cha kawaida ni sehemu moja ya chokaa kwa sehemu tatu za mchanga. Ukuta ukwanguliwe mpaka ufikie sehemu isiyotikisika, ufagiliwe, kisha ulowekwe maji tangu jioni ya siku iliyotangulia ili usiinyonye lipu kabla haijashika. Mashimo makubwa yatomelewe kwa vijiwe na chokaa, yasijazwe kwa tope tupu, kwa maana tope nene husinyaa na kupasuka. Tabaka la kwanza lirushwe kwa mwiko, unene wake usizidi milimita 12, na kabla halijakauka lichorwe mistari ya kukwaruza ili tabaka linalofuata lipate pa kushika. Hapo fundi anapaswa kuondoka. Wiki nzima, na wakati wa masika hata mbili, zipite kabla ya tabaka la pili. Mwenye nyumba asimwone fundi huyo kuwa mvivu, wala asimlaumu kwamba anavuta siku.

Tabaka la mwisho ndilo ambalo wazee wa mwambao waliliita niru: chokaa laini iliyochujwa, yenye mchanga kidogo na mwembamba sana, ikipakwa kwa unene wa milimita mbili au tatu. Husuguliwa wakati inapokuwa imekazana lakini bado ina ubaridi wa maji ndani yake. Ikisuguliwa mapema hubanduka, na ikichelewa haikubali kung'aa. Hakuna saa inayoweza kuonyesha wakati huo. Fundi huujua kwa kubonyeza kidole, na hilo ni mojawapo ya mambo ambayo kijana hujifunza kwa kusimama karibu na mzee. Katika magofu ya Kilwa na ya Songo Mnara ipo michoro ya majahazi iliyokwaruzwa juu ya lipu ya namna hii karne nyingi zilizopita, nayo ingali ikisomeka.

Ukuta uliomalizika ukingwe na jua kwa magunia yaliyolowekwa, na magunia hayo yarudiwe kulowekwa kwa siku kadhaa. Lipu ya chokaa inayokaushwa na jua kali hufanyika unga. Baadaye, upakaji wa chokaa ya rangi nyeupe ufanywe kwa rojo jepesi kama maziwa, mikono minne au mitano, kila mkono ukisubiri uliotangulia ukauke. Anayepaka mkono mmoja mzito ataukuta sakafuni.

Neno la tahadhari linahitajika hapa. Chokaa huunguza ngozi, na ikiingia jichoni inaweza kupofua. Anayeikoroga avae miwani ya kazi na glavu, na ndoo ya maji safi iwe karibu muda wote. Jicho likiingiwa lioshwe papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka, kwa dakika 20 au zaidi, kisha mgonjwa apelekwe kituo cha afya bila kungoja kuona kama maumivu yatapungua. Pipa au shimo la chokaa lifunikwe, kwa sababu kwa mtoto huonekana kama uji uliopoa.

Saruji mahali pake

Hakuna sababu ya kuichukia saruji. Kwa misingi, sakafu, bafu, karo la maji na kuta za matofali ya saruji haina mpinzani wa karibu. Kosa ni kuipeleka kila mahali kwa kuwa inapatikana kila duka na kwa kuwa hushika kesho yake.

Hata juu ya matofali ya saruji kanuni ni ileile. Tofali nyingi zinazofyatuliwa mitaani si ngumu sana, na lipu yenye saruji nyingi huzishinda nguvu, husinyaa na kupasuka kama udongo wa bwawa lililokauka. Mchanganyiko wa sehemu moja ya saruji, moja ya chokaa na sita za mchanga hutoa lipu inayofanya kazi vizuri chini ya mwiko na isiyopasuka ovyo. Inyunyiziwe maji asubuhi na jioni kwa siku saba. Wengi humwagilia siku mbili, kisha husahau.

Nyumba ya miti na udongo, ambayo ndiyo ya kwao wengi wa Kisiwani na vijiji vya pwani, isipigwe lipu ya saruji hata kidogo. Udongo hujaa maji na kusinyaa kwa kufuata majira, saruji haiwezi kuufuata, na nyuma ya ganda lile gumu miti huoza na mchwa hupata maficho. Ukuta huo ukandikwe upya kwa udongo uliochanganywa na majani makavu yaliyokatwakatwa, usiribwe vizuri, kisha upakwe rojo la chokaa. Fedha ambayo ingenunua saruji ni afadhali iende kwenye kurefusha makuti au bati ili mvua isipige ukuta, na kwenye kuinua kibaraza cha mawe kinachoufanya udongo usiguse maji ya ardhini.

Jasi: madini ya nyumbani

Wilaya ya Kilwa ina madini ambayo wachimbaji huyaita jasi, na mafundi wa mjini huyaita jipsamu. Huchimbwa upande wa Makangaga na Mandawa, na sehemu kubwa hununuliwa na viwanda vya saruji, kwa sababu jasi kidogo ikisagwa pamoja na saruji huizuia isigande mara tu inapokutana na maji. Madini hayohayo, yakichomwa kwa moto mdogo wa nyuzi 150 hivi, hupoteza sehemu kubwa ya maji yaliyofungwa ndani yake na kuwa unga. Unga huo ukirudishiwa maji huganda kwa dakika chache tu. Bodi za jipsamu ni jasi hiyo iliyogandishwa katikati ya karatasi mbili nene.

Nyumba za wageni, maduka, ofisi na nyumba mpya za Masoko na Kivinje zimeanza kuzipenda bodi hizi kwa dari na kwa kugawa vyumba. Zina faida: ni nyepesi, hukamilika haraka, na hustahimili moto kwa muda, kwa kuwa maji yaliyomo ndani ya jasi lazima yachemke yaishe kwanza. Lakini jasi huyeyuka katika maji. Lita moja ya maji huweza kuyeyusha gramu mbili hivi, na kiasi hicho, kwa bati linalovuja kila masika, kinatosha kuiangusha dari. Kwa hiyo paa likaguliwe kabla ya dari kununuliwa. Bodi ya ukutani isikalishwe juu ya sakafu. Iachwe juu kwa nafasi ya sentimita moja, na nafasi hiyo ifichwe na ubao wa pembeni, ili maji ya kudekia yasinyonywe.

Ubora wa kazi ya bodi hujulikana kwenye viungo. Mtu yeyote mwenye bisibisi anaweza kufunga bodi, lakini kuzifanya bodi tano zionekane kuwa moja ni ufundi. Skrubu ziwe za aina isiyoshika kutu, kwa maana hewa ya bahari huila skrubu ya kawaida, na doa jekundu hutokeza hata juu ya rangi. Zizame kidogo tu chini ya uso wa karatasi bila kuichana: skrubu iliyochana karatasi haishiki chochote. Dari hutaka skrubu kila sentimita 20, ukuta kila sentimita 30. Bodi zipangwe kwa kupishana kama matofali, ili viungo vinne visikutane mahali pamoja.

Kingo ndefu za bodi nyingi zimetengenezwa nyembamba kidogo, na zikikaribiana hufanya mfereji usio na kina. Mfereji huo ndio makao ya utepe. Fundi hupaka kwanza jipsamu ya kujazia, hulaza utepe wa karatasi juu yake ingali mbichi, kisha huupitisha mwiko kwa nguvu ya wastani ili jipsamu ya ziada na hewa vitoke pembeni. Hewa ikibaki chini ya utepe itakuja kuonekana kama lengelenge. Anayeweka utepe juu ya kiungo kikavu, bila jipsamu chini yake, amebandika karatasi tu, na ufa utarudi bati litakapopata joto la mchana na kusukuma fremu. Wapo wanaotumia utepe wa wavu wenye gundi kwa kuwa ni wa haraka. Huo hufaa kwa jipsamu ya unga inayoganda yenyewe, na kwenye pembe za vyumba utepe wa karatasi uliokunjwa katikati ni bora zaidi.

Baada ya utepe huja tabaka mbili nyingine, kila moja pana kuliko iliyotangulia: la kwanza lina upana wa kiganja, la pili sentimita 20 hadi 25, la mwisho 30. Upana ndio unaoficha, unene haufichi. Macho hudanganywa na mteremko mrefu ulio mwembamba, lakini hukitambua mara moja kilima kifupi. Viungo vya ncha fupi za bodi, ambazo hazina mfereji, hutaka upana wa karibu mara mbili. Jipsamu ya ndoo, iliyokwisha kuchanganywa kiwandani, hukauka kwa saa 24 mahali pakavu. Kwa Kilwa wakati wa mvua siku mbili si nyingi, na rangi ya kijivu katikati ya kiungo ni dalili kwamba bado.

Mwisho ni msasa mwepesi. Fundi avae barakoa, madirisha yawe wazi, watoto na wenye pumu wasiwepo. Kisha chumba kitiwe giza na tochi iwekwe kando ya ukuta, mwanga ukiambaa juu ya uso wake. Kila kivimbe na kila mkwaruzo utaonyesha kivuli. Mteja mwenye tochi hahitaji kubishana na fundi, na mtihani huo ufanyike kabla rangi haijapakwa, kwa maana rangi haifichi kiungo kibaya, hasa ile yenye kung'aa.

Kupatana na fundi

Migogoro mingi huanza kwa neno "chumba". Fundi hutoza kwa chumba, mwenye nyumba hudhani dari imo, fundi hudhani haimo. Ni salama kupatana kwa mita za mraba. Chumba cha mita 4 kwa 3, chenye kimo cha mita 2.7, kina mzunguko wa mita 14, kwa hiyo kuta zake ni mita za mraba 37.8. Toa mlango wa 0.9 kwa 2.1 na dirisha la 1.2 kwa 1.2, zinabaki karibu 34.5. Lipu ya milimita 15 katika eneo hilo ni nusu ya mita ya ujazo na kidogo, na mwenye nyumba akijua hivyo hauziwi mchanga wa nyumba mbili. Dari ya chumba hicho ni mita za mraba 12. Bodi moja ya mita 1.2 kwa 2.4 ni 2.88, hivyo zitanunuliwa tano.

Patano liandikwe, hata kama ni kwenye karatasi ya daftari, mbele ya shahidi. Litaje idadi ya matabaka, vipimo vya mchanganyiko, siku za kusubiri na nani atamwagilia maji. Fundi atengeneze kwanza kipande cha mita moja ya mraba, nacho kiachwe kikauke na kukubaliwa kuwa kielelezo cha kazi yote. Malipo yagawanywe kwa hatua, na fungu la mwisho lisitolewe kabla ya mtihani wa tochi au, kwa lipu, kabla ya ukuta kugongwagongwa. Fundi mwenye haki atalikubali sharti hilo, mradi na mwenye nyumba naye asimcheleweshee fungu lake hatua inapotimia.

Vijana wanaotaka kuifanya kazi hii kuwa riziki wana njia mbili zinazofaa kuangaliwa. VETA inacho chuo mjini Lindi. Aidha, halmashauri nchini hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba kwa vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi chenye majukwaa ya kupandia, miiko, pima maji na karai zake chenyewe hakilazimiki kukodi kila siku, na maelezo ya kuomba hutolewa na Ofisa Maendeleo ya Jamii wa kata.

Kwa wakazi wa Kisiwani

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliandikishwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na miaka kumi ilipita, pamoja na kazi kubwa ya ukarabati, hadi yakaondolewa humo mwaka 2014. Mikono ya mafundi wenyeji ilikuwa sehemu ya kazi hiyo, na ujuzi wa chokaa uliobaki kisiwani ni mali isiyonunulika dukani.

Kuishi ndani ya eneo kama hilo kuna masharti yake. Jiwe la gofu haliokotwi kwa ajili ya kutomea ukuta wa jikoni, hata kama limeanguka lenyewe, kwa kuwa mahali lilipoanguka ni sehemu ya ushahidi wa jinsi jengo lilivyokuwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo na vitu hivyo. Mkazi ambaye ua wake umepakana na ukuta wa kale, au anayechimba msingi akakutana na ukuta, vigae au kaburi, asimamishe kazi na kumwarifu mtendaji wa kijiji pamoja na ofisi ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA, inayosimamia eneo. Na kwa hali yoyote asiuzibe ufa wa ukuta wa kale kwa saruji, hata kwa nia njema. Ufa uliozibwa kwa chokaa unaweza kufunguliwa tena bila madhara, ilhali ule wa saruji hutoka na jiwe lenyewe.

Baada ya masika

Kila mwaka mvua zikishakatika, mwenye nyumba azunguke kuta zake na kijiti mkononi, akigonga taratibu kutoka chini kwenda juu. Panapotoa sauti ya mtungi mtupu, lipu imeachana na ukuta. Sehemu hiyo ikatwe kwa umbo la mraba mpaka kwenye lipu iliyoshika, isafishwe, ilowekwe usiku kucha na kuzibwa kwa mchanganyiko uleule wa awali. Akikuta unga mweupe wa chumvi auondoe kwa brashi kavu na kuukusanya kwenye chombo, asiuoshe kwa maji, kwa maana maji huurudisha ndani. Mitaro inayopita chini ya dirisha isafishwe, udongo uliojikusanya kwenye ukuta uondolewe hadi msingi uonekane, na bati lililotoboka juu ya dari ya jipsamu lizibwe kabla mawingu ya mvua nyingine hayajarudi.